Namna ya Kuandaa Mazungumzo Juu ya Vakhtang VI, Mfalme wa Kartli Chini ya Waajemi

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya walimu wa historia na viongozi wa vikundi vya vijana wa Bukavu wanaopenda kukutana jioni, parokiani au katika chumba cha darasa, ili kuzungumzia historia ya nchi za mbali. Unahusu mfalme mmoja tu, Vakhtang VI wa Kartli huko Georgia, aliyezaliwa mwaka 1675 na kufariki mwaka 1737, na unaeleza jinsi ya kuyapanga mambo yake ili msikilizaji wa Kadutu au Ibanda ambaye hajawahi kulisikia jina la Kartli aweze kuyafuata bila kupotea njiani. Wako wafalme wengine wa Georgia waliotawala chini ya Waajemi, na baadhi yao waliteseka kuliko yeye. Lakini katika maisha ya Vakhtang mtu anaweza kuona, kwa miaka ishirini na moja tu, karibu kila jambo ambalo hali hiyo iliweza kumletea mfalme. Saa mbili zinatosha, mradi mwenye kuongoza awe amejiandaa.

Anza na ramani

Anayeanza kwa kutaja majina ya wafalme atawachosha watu kabla ya robo saa kwisha, kwa kuwa majina hayo yote ni mageni na mengi yanajirudia kutoka babu hadi mjukuu. Chora kwanza bahari mbili ubaoni, Bahari Nyeusi upande wa kushoto na Bahari ya Kaspi upande wa kulia, kisha kati yake, upande wa juu, piga mstari mnene: hiyo ni milima ya Kaukazi. Chini ya mstari huo weka nukta ya Tbilisi, mji mkuu wa Kartli. Shuka kusini mashariki, mbali kabisa, uweke Isfahan, makao ya Shah wa Uajemi. Kutoka Tbilisi ni zaidi ya kilomita 1,100 kwa mstari ulionyooka, yaani kama robo tatu ya umbali wa Bukavu hadi Kinshasa, na safari yenyewe ilikuwa ya farasi na ngamia. Kaskazini, Volga inapoingia katika Kaspi, weka Astrakhan ya Warusi. Magharibi, pembeni mwa ubao, weka Istanbul ya Waosmani, yaani dola ya Waturuki. Hatimaye ongeza majina matatu yatakayohitajika baadaye: Derbent kwenye pwani ya Kaspi, Ganja kusini mashariki mwa Tbilisi, na Kandahar mashariki kabisa, ambako pengine ubao utakuwa umekwisha na itabidi uandike ukutani kwa chaki.

Wakazi wa Bukavu, ambao wanauona upande wa pili wa Ruzizi kwa macho yao, hawahitaji hotuba ndefu kuhusu mji ulio karibu na wenye nguvu kadhaa kwa pamoja. Waambie tu kwamba mwaka 1555, kwa mkataba wa Amasya, Waosmani na Waajemi waligawana Georgia, magharibi ikaenda kwa Waosmani, na mashariki, yenye falme za Kartli na Kakheti, ikaenda kwa Waajemi. Mkataba wa mwaka 1639 uliithibitisha mipaka hiyo. Hapo pasichukue zaidi ya dakika kumi.

Eleza makubaliano kabla ya ugomvi

Kosa linaloharibu mazungumzo ya aina hii ni kuonyesha utawala wa Waajemi kana kwamba ulikuwa upanga peke yake. Upanga ulikuwepo, na Shah Abbas I aliutumia dhidi ya Kakheti mwanzoni mwa karne ya 17 hata watu kwa makumi ya maelfu wakauawa na wengine wengi wakahamishiwa Uajemi, ambako katika eneo la Fereydan wazao wao wanaongea Kigeorgia hadi leo. Lakini tangu mwaka 1633, Rostom alipoketi kwenye kiti cha Kartli, palikuwa na mapatano ambayo kila upande uliyafahamu. Mfalme angetoka katika ukoo wa kifalme wa Bagrationi, lakini angekuwa Mwislamu na angethibitishwa na Shah. Kwa watu wake angeitwa mfalme. Katika daftari za Isfahan angekuwa vali, yaani gavana wa jimbo, na jina lake lingekuwa la Kiislamu. Shah angepata askari, zawadi, pamoja na wavulana na wasichana wa kutumikia katika ikulu yake. Kwa upande mwingine, Kanisa lingebaki, watemi wangebaki na ardhi zao, na sheria za nchi zingebaki. Fedha iliyogongwa Tbilisi ilibeba jina la Shah.

Sisitiza pia kwamba Wageorgia hawakuwa watu wa nje tu katika dola ya Uajemi. Walikuwa ndani yake, wakiwa makamanda, magavana na maofisa wa ikulu. Baba na baba mkubwa wa mfalme wetu walikuwa wanaijua Isfahan kama walivyoijua Tbilisi. Asiyelielewa hilo ataona kila tendo la Vakhtang kuwa ama ushujaa ama usaliti, na mazungumzo yatakwisha mapema kwa kelele.

Tengeneza jedwali la safu nne

Sasa chora jedwali ubaoni, au uligawe kwa karatasi ikiwa umeme una mazoea ya kukatika saa hiyo. Safu ya kwanza iwe ya mwaka. Ya pili iseme mfalme yuko wapi. Ya tatu iandike jina analolitumia. Ya nne, ambayo ndiyo moyo wa kazi nzima, iandike ni ndugu yake gani aliye tayari kupewa kiti akianguka. Kwa maoni yangu, mfalme aliye chini ya mfalme mwingine haeleweki mpaka mtu amjue yule anayengoja nyuma yake. Shah hakuhitaji kuleta jeshi kila mara. Ilimtosha kuwa na mpwa au kaka wa mfalme karibu naye Isfahan.

Jaza mistari ya kwanza wewe mwenyewe ili watu waone inavyofanyika. Mwaka 1703, Vakhtang yuko Tbilisi, lakini bado si mfalme: ni kaimu wa baba yake mkubwa, Giorgi XI, ambaye Shah amemrudishia ufalme kwa sharti la kwenda kupigana mashariki. Giorgi, ambaye Waajemi walimwita Gurgin Khan, anatawala Kandahar kwa mkono mzito, na mwezi Aprili 1709 anauawa huko na Waafghani walioongozwa na Mirwais. Ufalme unapita kwa Kaikhosro, kaka yake Vakhtang, naye anauawa katika vita hivyohivyo mwaka 1711. Wasikilizaji wasimame kidogo hapa na kuitazama ramani: wafalme wawili wa Kartli, mmoja baada ya mwingine, wamekufa kule kwenye chaki ya ukutani wakimpigania Shah, huku nchi yao ikiendeshwa na kaimu. Ukiwaonyesha jambo hili vizuri, hutalazimika kueleza tena maana ya kuwa mfalme wa chini.

Safu ya tatu kwa kawaida huleta maswali, kwa sababu Vakhtang anageuka Husayn-Quli Khan, mdogo wake Jesse anageuka Ali-Quli Khan, na Konstantine wa Kakheti anageuka Mahmad-Quli Khan. Hapa Bukavu wazee watakusaidia. Mwaka 1972, Mobutu alipopiga marufuku majina ya Kikristo, mtu aliyebatizwa Joseph au Marie aliandikwa jina lingine ofisini, na nyumbani na kanisani akaendelea kuitwa lile la ubatizo. Mwombe mzee mmoja aliyekuwa na kitambulisho cha wakati ule aseme ni jina gani alilitia sahihi na ni jina gani mkewe alimwitia chakula. Baada ya hapo Husayn-Quli Khan hatamshangaza mtu.

Usiipite haraka miaka ya amani

Miaka ya ukaimu, 1703 hadi 1712, haina vita vya kusisimua, na wengi huiruka. Ni kosa, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha kwamba mtu anaweza kufanya kazi kubwa chini ya bwana mwingine. Vakhtang aliagiza sheria za nchi zikusanywe katika kitabu kimoja, zikiwemo zilizochukuliwa kutoka kwa Wagiriki, Waarmenia na Torati ya Musa. Sheria hizo ziliendelea kutumika Georgia hata baada ya Warusi kuitwaa nchi katika karne iliyofuata. Aliteua wasomi wapitie kumbukumbu za wafalme wa kale na kuziendeleza. Mwaka 1709 alifungua Tbilisi matbaa ya kwanza ya nchi hiyo, kwa msaada wa Anthim, askofu mzaliwa wa Georgia aliyekuwa akiishi katika Walakia, sehemu ya Romania ya leo, ambaye alimtumia mchapaji. Kazi ya kwanza ilikuwa vitabu vya Kanisa. Mwaka 1712 matbaa hiyo ikatoa kwa mara ya kwanza katika maandishi ya chapa utenzi mkuu wa Shota Rustaveli, uliokuwa umenakiliwa kwa mkono tangu Enzi za Kati, na mfalme mwenyewe akauandikia maelezo.

Ni vema kupitisha picha ya ukurasa wa kitabu hicho kutoka mkono hadi mkono ikiwa kuna anayeweza kuichapisha. Wakati watu wanaitazama, waambie kwamba mwaka huohuo kilipotoka, aliyekichapisha aliitwa Isfahan, na hakurudi kwa miaka saba.

Kaa muda mrefu katika miaka ya kifungo

Desturi ilimtaka mfalme mteule aende akathibitishwe na Shah. Shah wa wakati huo alikuwa Sultan Husayn, mtu mwenye kushikilia dini na mwepesi wa kusikiliza kila aliyekuwa karibu naye. Vakhtang alifika mwaka 1712 akakubali masharti yote isipokuwa moja: alikataa kusilimu. Akanyimwa kiti, akawekwa chini ya ulinzi, na kwa muda akapelekwa Kerman. Mwaka 1714 safu ya nne ya jedwali ikatimia: Jesse, mdogo wake, aliyekuwa amekwisha kusilimu, akapewa Kartli.

Eleza kwamba hakukaa mikono mitupu. Alimtuma Sulkhan-Saba Orbeliani, mtu wa ukoo wake aliyekuwa pia mlezi na mwalimu wake, aende Ulaya. Sulkhan-Saba alipokewa na Louis XIV wa Ufaransa na akaonana na Papa Klementi XI, akiwaomba waingilie kati. Alirudi na ahadi. Louis alifariki mwaka 1715, na hakuna askari wala fedha iliyofika. Mwaka 1716, Vakhtang akakubali kusilimu, akaitwa Husayn-Quli Khan, akarudishiwa ufalme na kupewa ukuu wa majeshi ya Uajemi. Lakini hata hivyo hakuruhusiwa kwenda nyumbani mara moja, na mwanawe Bakar ndiye aliyeshika Kartli kwa niaba yake hadi mwaka 1719.

Hapa ndipo mtu wa Bukavu atakapomkumbuka Yuhi V Musinga, mwami wa Rwanda, na ni heri umtaje wewe kabla hajatajwa na wengine. Wabelgiji walimwondoa mwezi Novemba 1931, kukataa kwake kubatizwa kukiwa mojawapo ya lawama zao, kiti wakampa mwanawe Rudahigwa, na yeye wakamhamishia Kamembe, hapo ng'ambo, kisha Moba katika Katanga, alikofariki mwaka 1944. Mfanano ni wa kweli: bwana wa mbali, dini ya bwana, na ndugu aliye tayari. Tofauti pia zitajwe bila kuficha. Musinga alishikilia msimamo na hakurudi kamwe. Vakhtang alilegeza akarudi. Tena ukoo wa Vakhtang ulikuwa na zaidi ya miaka mia moja na hamsini ya kuzoea mambo hayo, wakati Musinga aliyakuta mageni. Mwenye kuongoza awe imara katika sehemu hii, maana mazungumzo yakishahamia siasa za leo za pande mbili za Ruzizi, Kartli haitarudi tena mezani jioni hiyo.

Waache wasikilizaji waamue juu ya mwaka 1722

Sehemu hii ndiyo tamu kuliko zote, na hufanikiwa zaidi ikiwa watu hawajaambiwa mwisho wake. Wagawe katika vikundi, na kila kikundi ukipe karatasi yenye mambo ambayo mfalme aliyajua mwezi Agosti 1722, bila kuongeza lolote. Karatasi iseme kwamba Walezgi wa milimani wanaivamia Kartli kila msimu, na kwamba alipokuwa karibu kuwashinda kabisa, amri ilitoka ikulu ya Shah ikimtaka aache vita na kurudi. Iseme kwamba Mahmud, mwana wa yule Mirwais aliyemuua baba yake mkubwa, alilishinda jeshi la Shah huko Gulnabad mwezi Machi na sasa ameuzingira Isfahan. Iseme kwamba Rostom, ndugu yake mwenyewe, kamanda wa kikosi cha ikulu, alifia katika uwanja huo akimtetea Shah. Iseme kwamba Shah anamwomba msaada. Iseme, mwisho, kwamba Peter I wa Urusi, ambaye amekuwa akiwasiliana naye kwa siri, ametoka Astrakhan na jeshi kubwa, na Derbent imemfungulia milango.

Waulize: uende Isfahan, uende kwa Peter, au ubaki Tbilisi? Wape dakika ishirini. Kila kikundi kitoe jibu pamoja na sababu, na kisikubaliwe jibu la kusema kwamba mfalme angepaswa kujua yatakayokuja. Wengi watachagua Peter, na si ajabu, kwa sababu karatasini anaonekana ndiye pekee anayepanda wakati wengine wanashuka. Yule atakayependekeza kubaki nyumbani apewe nafasi ya kutosha. Hoja yake ina nguvu kuliko inavyosikika mwanzoni.

Kisha waambie yaliyotokea. Vakhtang alimnyima Shah msaada, akaenda Ganja mwezi Septemba na jeshi ambalo masimulizi ya kawaida huliweka kuwa la Wageorgia 30,000 na Waarmenia 8,000, akangoja. Peter hakufika. Merikebu zilizobeba chakula cha jeshi lake zilivunjwa na dhoruba katika Kaspi, naye akageuza njia akarudi Astrakhan. Mwezi Oktoba Isfahan ikaanguka na Sultan Husayn akamvika Mahmud taji kwa mikono yake. Mfalme wa Kartli akabaki bila bwana wa zamani na bila bwana mpya, akiwa amekwisha kumkosea wa kwanza hadharani.

Maliza kwa kasi

Mwaka 1723 na 1724 isimuliwe kwa dakika chache, kwa maana mambo yanakuja kama maporomoko na hakuna haja ya kuyafuata yote. Tahmasp II, mwana wa Shah aliyeanguka, alimvua Vakhtang ufalme na kumpa Konstantine wa Kakheti, ambaye mwezi Mei 1723 aliingia Tbilisi pamoja na Walezgi na kuupora mji. Mwezi uliofuata Waosmani wakaja wakauchukua mikononi mwake. Jesse, aliyewahi kuwa Mshia wa Shah, akawa Msunni wa Sultani na kuitwa Mustafa Pasha. Mwaka 1724 Urusi na Waosmani waligawana nchi zile kwa mkataba, Georgia ikiwa katika fungu la Waosmani, na Vakhtang akavuka milima ya Kaukazi kwenda Urusi na watu wapatao 1,200. Peter alifariki miezi michache baadaye. Vakhtang aliishi huko akiandika mashairi na kutafsiri, akafariki Astrakhan mwaka 1737, akazikwa hukohuko.

Wakati wa maswali, jitayarishe kwa mawili. La kwanza litakuwa kama alikuwa Mkristo au Mwislamu, na mara nyingi Mwislamu aliyemo chumbani ndiye atakayeuliza, kwa haki yake. Jibu kwa matendo: alikataa kwa miaka minne, akakubali mwaka 1716, na alipofika Urusi aliishi na kuzikwa kama Mkristo. Usidai kuujua moyo wake. La pili litakuwa kama alikuwa kibaraka. Mimi humrudisha muulizaji kwenye jedwali na kumwomba aonyeshe ni katika mstari upi, kati ya 1703 na 1724, kulikuwa na njia ambayo isingempa ndugu yake kiti. Mara nyingine anaipata, hasa katika mstari wa mwaka 1722, na hapo ubishi unakuwa wa maana.

Kikundi kikitaka kuendelea juma linalofuata, kichukue Teimuraz I wa Kakheti, mshairi aliyelelewa katika ikulu ya Shah Abbas na ambaye mama yake, Ketevan, aliuawa Shiraz mwaka 1624 kwa kukataa kuikana dini yake. Jedwali ni lilelile la safu nne. Ramani itahitaji kuongezewa Shiraz, na vilevile Goa ya India, ambako watawa wa Kireno walipeleka sehemu ya mabaki ya mama huyo, kwa hiyo ni afadhali kutafuta ubao mkubwa zaidi.